Kofia Yangu Bado Iko Ilala

Mtani wangu Shomari,

Sijui huko uliko barua zinapita kwa nani kwanza, maana hata hapa duniani zangu ulimpa mkeo akusomee, ukidai mwandiko wa Kisukuma unaumiza macho. Basi yeyote anayekusomea hii, akuambie kabla ya salamu kwamba nimekasirika.

Kufa umekufa, sawa, hilo sina la kukulaumu. Ninalokulaumu ni kuzikwa kistaarabu kama meneja wa benki. Hakuna aliyelala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chake. Hakuna aliyevaa koti lako nje ndani akatembea mwendo wako wa bata mbele ya waombolezaji, wala aliyewaeleza ulivyokuwa mchoyo wa sukari. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani, na mimi na wewe tuliliweka sawa kwa midomo yetu pale karibu na Feri, tunakula mihogo ya kuchoma. Atakayetangulia, mwenzake aje amharibie mazishi.

"Miye nikija kwenu," ulisema, "wachimba kaburi hawainui jembe mpaka nipewe zizi zima."

"Na mimi nikija kwenu nitapewa nini? Kwa Mzaramo kuna nini zaidi ya mkeka na maneno?"

Tukapeana mikono yenye pilipili. Nawe ukaenda kufa bila mimi.

Habari nimeipata kwa Maganga, yule dereva aliyekuwa akituletea pamba. Nimemkuta stendi ya Bariadi anapakia dengu za tajiri mmoja. Akaniuliza, "Kumbe ulirudi lini kutoka kwenye msiba wa mtani wako?"

"Mtani yupi?"

Maganga akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Ndipo nikajua. Arobaini yako ilikuwa imeshapita, na mimi siku hizo zote nilikuwa shambani napalilia pamba, nikikutungia matusi mapya ya kukuandikia.

Unakumbuka ulivyoniteka? Chama chetu cha ushirika kilikuwa bado na nguvu, nami karani wake, nimetumwa kusindikiza robota za pamba mpaka bandarini. Nimefika na suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni, na kofia ya pama niliyoinunua Maswa ili Dar es Salaam wajue kwamba mtu amefika. Wewe ulikuwa karani wa kupokea. Ukauliza mzigo unatoka wapi.

"Bariadi."

"Msukuma?"

"Msukuma."

Ukainuka taratibu kama mtu anayetafuta miwani yake, ukanivua kofia, ukaivaa wewe. "Jamani, nimepata mateka!" ukawapigia kelele makuli. "Huyu haondoki na kofia yake mpaka aikomboe kwa ng'ombe!"

Mimi, niliyekuwa nimeonywa nyumbani kuhusu wezi wa mjini, nikakimbia kumwita askari wa getini. Akaja, akakutazama, akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akaegemea geti. Naye alikuwa Mzaramo.

Kofia ile haikurudi tena kichwani kwangu.

Meli za siku zile hazikuwa na haraka, nami nilipaswa kusubiri mpaka robota zipakiwe. Kila ulipotoka kazini ukanichukua tukatembee, mguu kwa mguu, na kofia yangu kichwani mwako. Gerezani, Kariakoo, Ilala, Magomeni, mpaka Temeke. Kila mtaa ulikuwa na shangazi yako, na kila shangazi alikuwa na sufuria jikoni. Nilidhani una ukoo mkubwa ajabu, kumbe nusu yao ulikuwa unawaita shangazi kwa sababu ya harufu ya nazi.

Mwaka ule wa kwanza tulizunguka Kariakoo nzima kutafuta sabuni nimpelekee mama, tukapata kipande kimoja chini ya kaunta, tena kwa kunong'ona. Safari zilizofuata sabuni zilikuwa zimejaa mpaka barabarani, na redio, na majokofu, na milima ya mitumba. Wewe ukashika kiuno ukauliza, "Vyote hivi vilikuwa vimejificha wapi, mtani?" Nikakujibu kwamba vilikuwa vinasubiri nipate mshahara, na kwa kuwa sikupata, vimechoka kusubiri vikatoka vyenyewe.

Lakini mimi nilitaka bahari. Maji ya bandarini nilishayaona, meusi, yanaelea mafuta na maganda ya machungwa, nikakuambia kwamba ziwa letu pale Nyashimo linapendeza kuliko hayo. Hilo lilikuuma.

"Hapa si baharini," ukasema. "Hapa ni uani kwake. Jumapili nakupeleka sebuleni."

Jumapili ukanipitisha Kinondoni mpaka Msasani, nyuma ya nyumba za watu, katikati ya minazi. Mchanga mweupe, maji ya rangi nisiyokuwa na jina lake, hakuna ukuta, hakuna wa kutuuliza. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaonja. Chumvi tupu! Na badala ya kusifia kama watu wengine, unakumbuka nilisema nini? Nilisema, "Nyie watu! Ng'ombe wetu wanatembezwa mwendo mrefu kufuata magadi ya kulamba, huku chumvi imelala bure, wala sioni hata ndama!"

Ulikaa chini mchangani. Ulicheka mpaka kofia yangu ikadondoka. Halafu ghafla ukaacha kucheka, ukaweka uso wa shehe.

"Chota, mtani. Beba. Ila ng'ombe atakayekunywa bahari ya Wazaramo, huyo ni wa Wazaramo."

Ukaniazimia dumu kwa shangazi wa Msasani, nikachota, nikabeba begani mpaka Ilala. Wewe ukatangulia mbele ukitangaza kila kona, "Njooni mumwone Msukuma anahama na bahari!" Pale Magomeni mama mmoja aliyekuwa anakaanga vitumbua akaniuliza, "Na samaki zake umebeba?" Watu wakashika mbavu. Nami, kwa ukaidi wangu, nikazidi kunyoosha mgongo. Kwenye treni mkaguzi alilinusa dumu lile akidhani ni gongo. Nilipofika nyumbani baba alionja, akatema, akasema, "Serikali imekupandisha treni mpaka Dar es Salaam ukaniletee maji?"

Ng'ombe walinusa beseni wakaondoka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano usiokuwa na chakula. Mtamba mmoja tu, mwenye paji jeupe, aliyalamba mpaka beseni likakauka. Nilifanya kosa la kukusimulia. Tangu siku ile, kila barua na kila safari, neno lako la kwanza likawa, "Ng'ombe wangu hajambo?" Hukuniuliza habari za mke wangu, wala watoto. Ng'ombe tu! Nami nikajibu kila mara kwamba hatoki mpaka kofia yangu irudi. Wewe una kofia, mimi nina ng'ombe, tukakaa hivyo.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi wa pamba wakaja na mizani zao na magari yao, wakulima wakauza wanakotaka, na chama chetu kikapungua kama sabuni kwenye mvua. Siku moja nilifika ofisini nikakuta kufuli jipya ambalo hata mwenyekiti hakuwa na ufunguo wake. Nikarudi kwenye jembe, mimi na kalamu zangu mbili. Safari za bandarini zikafa hapo. Wengine soko huria liliwaletea televisheni. Mimi lilininyang'anya wewe.

Basi baada ya kuagana na Maganga niliaga nyumbani, nikapanda basi. Nimebeba michembe yako, vile viazi vikavu ulivyosema ni vipande vya mlango, na dumu tupu. Nilikuwa na mpango. Nitachota bahari palepale tulipochota, nitaibeba begani mpaka Ilala nikipiga kelele mitaani, nikumwagie mlangoni pako. Mazishi nimeyakosa, angalau nikuharibie kizingiti.

Nikafika Msasani. Mtani, bahari imewekewa ukuta. Na geti. Na kijana wa getini.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Baharini."

"Bahari ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Hii ni ya hoteli. Wanaingia wageni tu."

"Mimi ni mgeni. Natoka Bariadi."

Akalitazama dumu. "Wageni wa hoteli, mzee wangu."

Lafudhi yake nikaijua. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Uso ukamfunguka kabisa, "Mwangaluka, baba!" Akanipa mkono, akaniuliza mvua za nyumbani. Lakini geti, kaka, hakulifungua. Akanielekeza kuna ufuo wa wananchi kule mbele. Nikaufuata ukuta kama mbuzi anayetafuta mwanya, ukuta ukaisha ukaanza mwingine, na maji nayasikia upande wa pili yananicheka. Jua liliponizidi nikakata tamaa. Nikageuka kuelekea Ilala na dumu tupu, na pale Magomeni hakuna aliyeniuliza kitu. Nani amwulize mzee mwenye dumu tupu?

Kwako baraza halipo. Mwanao Abdul ameligeuza duka la redio na kaseti, sebuleni kuna makochi yenye nailoni juu yake. Kijana mzuri, una bahati. Nikasimama mlangoni nikapaaza sauti, "Nimekuja kudai maiti yangu! Nani amewaruhusu kumzika mtu wangu bila mimi?"

Akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba mkubwa. Tunashukuru sana kwa kuja kutufariji."

Akanipa soda. Yenye mrija.

Mtani, nimetukanwa na mabosi, nimefokewa na wanunuzi wa pamba, lakini sijawahi kuumizwa na kitu kama adabu ya mtoto yule. Kila nikirusha neno, analipokea kwa mikono miwili na kuliweka chini taratibu. Nikamuuliza mbona hamkuniita. "Tulitangaza redioni, baba mkubwa." Redio ipi? Hizi mpya za mjini, ambazo hata Kibaha sijui kama zinafika. Nikamwambia anipeleke kaburini, akaniambia kwa masikitiko kwamba mvua imeondoa daraja, njia ya kijijini kwenu huko ndani ya Kisarawe haipitiki. Kisha akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa rambo.

"Baba alikuwa akisema hii ni yako. Tumeipiga brashi."

Kofia yangu ya pama. Ukingo umechakaa, una alama ya jasho lako.

"Unanipa bure?"

"Bure kabisa, baba mkubwa."

Nilitaka kulia. Kofia ikirudi bure, mimi si mateka wa mtu. Na nisipokuwa mateka wa mtu, nimefuata nini Ilala? Nikanyoosha mkono, maana ningesema nini kwa mtoto wa watu? Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mkeo yuko eda, sikuwa nimemwona.

"Abdul! Nani kakutuma ugawe mali ya baba yako?"

"Mama, ni kofia ya mzee mwenyewe..."

"Na wewe Msukuma, huna haya, unaipokea! Mume wangu kafa, ng'ombe wake yuko wapi?"

Shemeji, nikasema moyoni, Mungu akuweke. Nikalala chali hapohapo kwenye zulia la mwanao, mikono kifuani, nikatangaza kwamba siinuki mpaka nizikwe badala yako au nipewe kuku. Mkono ukatoka nyuma ya pazia, ukaunyakua mfuko. Ukatoka tena na kopo, maji yote yakanishukia usoni.

"Mama! Zulia!" Abdul akalia.

"Liache lilowe! Mtani amekuja. Ulidhani tutamaliza msiba kwa soda?"

Akacheka, nikacheka, halafu kule nyuma ya pazia kicheko kikageuka. Nikabaki nimelala palepale, maji yananiingia masikioni, nashukuru kwamba uso wangu ulikuwa umeshalowa.

Niliondoka bila kofia na bila kufika kaburini, na hilo la kaburi bado linanikereketa. Kila nikipanga safari, ama daraja, ama palizi, ama nauli. Lakini uelewe jambo moja. Yule mwenye paji jeupe alizaa, na binti yake akazaa, na mwaka huu tumepata dume la kuanza kazi. Ni jeusi, lina mashavu, na halipendi jembe hata kidogo. Likifungwa nira linatazama upande wa mashariki na kupumua kama mtu aliyeonewa. Jina sikuumiza kichwa kulitafuta. Nimelipa la kwako.

Kwa hiyo kila asubuhi shambani nakwambia yale yote niliyotakiwa kukwambia kaburini. Uvivu wako, sukari yako, mwendo wako wa bata, shangazi zako wa bandia. Juzi jirani alisimama kwenye mpaka wa shamba, akanisikiliza kwa muda mrefu.

"Masunga, huyo ng'ombe amekukosea nini?"

"Ameondoka bila kuniaga."

Akamtazama ng'ombe, amesimama palepale kwenye nira. Akanitazama mimi. Akaenda zake.

Usilale pema kupita kiasi, mtani. Acha kofia yangu ikae huko kwenu.

Mateka wako wa Bariadi,
Masunga