Mikate Mibaya ya Babu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kwako mchumba wangu Ganda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na ikiwa na wewe mzima basi hakuna wa kutuweza. Goti linalalamika, ila nimelizoea. Wenzangu wa rika langu wanatembea na mikongojo, mimi natembea mikono mfukoni.

Barua hii naiandika mwenyewe. Herufi zikienda kombo zinyooshe wewe, si ndiyo faida ya kusoma? Baba yako aliniambia nikutumie meseji. Nikamwambia simu ni ya kuulizia bei ya unga.

Anasema unasomea kompyuta na unataka picha za mikate yangu. Sikushangaa. Mtu akitaka kujua mkate aende kwa nani mwingine? Ila nieleze vizuri, mashine isiyo na mdomo inataka nini na mikate?

Tanuri lipo. Siku hizi naliwasha Jumamosi tu, kwa majirani wasioweza kumeza mkate wa dukani. Kiti cha marehemu bibi yako bado kiko pale dirishani alipokuwa akiuzia. Anayekikalia ni paka.

Ni mimi babu yako,
Mfalme wa Tanuri


Jumanne, tarehe 12 Machi

Babu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, goti nalionea huruma hata kama wewe hulionei. Barua yako nimeisoma nikasikia harufu ya hamira.

Tuna masomo mawili magumu. La kwanza ni mfumo endeshi. Huyo ndiye msimamizi ndani ya kompyuta. Programu ni nyingi na kichwa cha kufikiria ni kimoja, kwa hiyo anazipa zamu fupifupi, hii kidogo, ile kidogo, mpaka kila moja inadhani inahudumiwa peke yake. Hatari yake ni mkwamo. Programu moja imeshika kitu A inangoja B, nyingine imeshika B inangoja A. Hakuna inayoachia, na kazi yote inasimama.

Somo la pili ni mashine kujifunza. Hatuiambii mkate mzuri ukoje. Tunaionyesha picha nyingi, kila moja na jina lake, huu mzuri, huu mbaya, nayo inatafuta tofauti yenyewe. Halafu tunaipa picha ambazo haijawahi kuziona, tuone kama imeelewa au imekariri.

Mwalimu anataka kila mmoja alete mifano kutoka kwa mtu anayeijua kazi yake. Wengine wameleta maua, wengine matairi. Mimi nina wewe. Naomba picha za mikate mizuri na mibaya, zote mbili. Nikifeli hii narudia mwaka mzima, na baba ameshasema hataweza mwaka mwingine.

Mjukuu wako,
Ganda


Jumapili, tarehe 24 Machi

Mchumba,

Nimepokea, na afya yako nimeifurahia. Paka naye mzima, ameongezeka kiburi.

Huyo msimamizi wenu mbona ni mimi. Tanuri moja, trei zisizo na idadi. Mikate mikubwa ikitaka kukaa ndani asubuhi nzima, skonzi zitaiva saa ngapi? Nilikuwa naisukuma nyuma, skonzi naziweka mdomoni mwa tanuri, zinatoka, nyingine zinaingia, na kila mteja dirishani anadhani nimemwokea yeye tu. Sikwenda chuo.

Na mkwamo naujua. Siku moja mimi nilishika ufunguo wa stoo ya unga, bibi yako ameshika lile koleo refu la kuingizia mikate. Tumegombana, kwa nini sikumbuki. Mimi siachi ufunguo mpaka anipe koleo, yeye haachi koleo mpaka nimpe ufunguo. Wateja wanagonga dirisha, tanuri linapoa. Nikamshinda. Mimi sishindwi kirahisi.

Picha nimemwita fundi simu wa hapa jirani, amepiga na kukutumia. Mizuri ni yangu, niliipanga juu ya ile meza ya mbao. Kuhusu mibaya kulikuwa na shida, kwangu haipatikani. Nikaenda kwa yule wa kona anayeoka kwa umeme, nikanunua mikate yake, nayo ikapigwa picha ikiwa hivyohivyo kwenye mifuko ya nailoni. Hiyo andika mbaya. Muuzaji alinitazama kwa furaha, akadhani nimehamia kwake.

Babu yako,
Asiyewahi Kuunguza


Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi siumwi, ila nina aibu.

Mashine ilijifunza vizuri sana. Kila picha yako iliijibu sawa, nikatembea kichwa juu kama wewe. Siku ya majaribio mwalimu aliweka kipande cheusi kama mkaa juu ya meza ya mbao, akapiga picha. Mashine ikasema mzuri. Akavua kiatu, akakiweka palepale. Mzuri. Kisha akachukua mkate mpya, mzuri kabisa, akautia kwenye mfuko wa nailoni. Mbaya. Darasa zima lilicheka, hata yule wa matairi.

Haikujifunza mkate, babu. Ilijifunza meza yako. Wala haikukosea, ilifuata tulichoionyesha. Mkate wa yule wa kona si mbaya, ni wa mtu usiyempenda.

Mwalimu amenipa hadi tarehe 14 Juni. Nahitaji mikate mibaya ya kweli, iliyoungua, iliyobaki mbichi ndani, iliyokataa kuumuka. Itoke kwenye tanuri lako, ikae juu ya meza ileile.

Na usiniambie haijawahi kuwepo. Mimi ndiye niliyeila. Nakumbuka asubuhi, bibi amekaa kwenye kile kiti kabla hajafungua dirisha, ana kile kisu chenye mpini uliofungwa uzi, anakwaruza weusi, kwaru, kwaru, unga mweusi unaanguka kwenye kanga yake. Iliyoungua aliificha chini ya kiti ili wateja wasiione, akatulisha sisi kwa chai. Unadhani jina la Ganda nililipata wapi? Wewe unadai nilipenda ganda la dhahabu. Lilikuwa jeusi, babu. Nililipenda hivyohivyo.

Mjukuu wako


Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Mwanafunzi,

Nimesoma. Mimi mzima.

Nimelisha mtaa huu mpaka watoto wamekuwa wazee, na hakuna aliyewahi kunirudishia mkate. Leo mjukuu wangu ananiandikia kwamba nilikuwa naunguza na marehemu alikuwa ananifichia. Uniombe radhi kwanza, ndipo tuongee mambo ya picha.

Mwokaji


Jumapili, tarehe 26 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Ni zaidi ya mwezi sasa, sijui goti linaendeleaje wala kama umewasha tanuri. Baba anasema mzima ila huongei. Kila nikisikia mtu wa barua nje, nachungulia.

Nimekaa nikaona ni mkwamo uleule. Mimi nimeshika radhi nangoja picha, wewe umeshika picha unangoja radhi. Na tarehe inakuja.

Ile siku ya koleo na ufunguo, bibi aliniambia pia. Alisema hukumshinda. Alilaza koleo sakafuni, mbele ya miguu yako, akakuambia, "Chukua, mkate hauna kosa." Kisha akarudi dirishani kuwatuliza wateja.

Basi na mimi naachia. Niwie radhi, babu. Mikate yako ndiyo iliyonikuza, ya dhahabu na myeusi. Picha sikuombi tena. Kama ni kurudia mwaka au kurudi nyumbani, nitajua huko mbele. Niandikie tu kama paka bado ana kiburi.

Ganda wako


Jumapili, tarehe 2 Juni

Kwako mchumba wangu,

Salamu, na radhi umepata tangu kabla hujaiomba. Goti limenyooka. Paka amefukuzwa kwenye kiti, nitakueleza.

Jana niliwasha tanuri asubuhi. Majirani wakaja na vikapu vyao kama kawaida. Nikawaambia leo hakuna cha kula, leo naoka mibaya. Wakadhani umri umeniingia kichwani.

Kuoka vibaya si mchezo. Mkono wenyewe unakataa. Mkate unaniita utoke, na mimi nimesimama nimeshika koleo, nauangalia unapita dhahabu, unapita kahawia, moshi unatoka mlangoni. Yule wa kona alisikia harufu akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamwambia, "Rudi na ndoo yako, hii ni shule." Akakaa kutazama, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema hajawahi kuona mkate mbaya kiasi kile. Nikamjibu kwamba nikiamua kuunguza hakuna wa kunifikia. Mwishowe alinisaidia kuipanga. Mkate wake nimeula, tena bila mfuko. Unalika.

Fundi simu amepiga picha zote juu ya meza ya mbao. Myeusi ipo, mibichi ipo, ile isiyoumuka imekaa kama matofali. Mizuri nimeoka baadaye, nayo iko mezani hapohapo. Safari hii hakuna cha kuizuga mashine. Zimeshafika kwako, baba yako amehakikisha. Mwambie mwalimu avue na kiatu cha pili.

Walipoondoka wote nilikaa kwenye kiti cha dirishani. Kile kisu nilikikuta pale chini, na uzi wake. Nikachukua mmoja nikakwaruza. Sauti ile, Ganda. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naisikia nikiwa huku ndani kwenye moto, nikadhani anasafisha dirisha.

Umebaki mmoja sikuupiga picha. Umeungua upande mmoja, ule unaoupenda. Nimeufunga kwenye kitambaa, nimeuweka chini ya kiti. Huo mashine haina haja ya kuujua. Faulu, kisha uje uukwaruze mwenyewe.

Koleo nimelilaza sakafuni.

Babu yako,
Mwokaji wa mizuri na mibaya