Shikamoo ya Kilembwe

Jumatatu, 2 Septemba
Jua zuri. Nimegeuza dagaa vichanjani, hapa Kibirizi, mpaka mgongo ukagoma. Yule tajiri anayetaka kiwanja changu cha kuanikia karudi. Nitamuuzia, nimechoka.
Alipoondoka nikainua kichwa: binti kasimama mbele yangu, mchangani hakuna hata unyayo wake. Ananitazama tu. Anasubiri nimwamkie! Mimi, bibi mzima. Nina hasira hadi sasa.

Jumanne, 3 Septemba
Kalala kwangu, ningemtupa wapi? Anaitwa Tatu. Eti katoka miaka ya mbele, mimi nikiwa udongo, na mtoto aliye tumboni mwa binti yangu Zuhura ndiye bibi yake. Nilicheka. Naye akacheka, nikauona mwanya wa marehemu mama. Nikakaa chini.
Kilembwe wangu.

Alhamisi, 5 Septemba
Huko kwao wakubwa wanaishi juu, Kalinzi, kwenye baridi. Wa ziwani ni watu wa chini, na wa chini ndiye huamkia, hata kama ni ajuza na wa juu bado ananyonya. Kumbe hakuwa na kiburi. Ndivyo alivyolelewa.
Katumwa athibitishe kwamba ukoo wao haujawahi kunuka dagaa. Bangili yake inasikia kila neno. Akimwamkia mtu wa chini, anateremshwa aje kuishi ziwani, asirudi juu tena.
Nami nanuka dagaa hadi kwenye mto wa kulalia.

Ijumaa, 6 Septemba
Kajifunza kugeuza dagaa. Anawavunjavunja. Kala ugali wa muhogo na migebuka wa ziwani, kalamba vidole. Nampenda.
Nimeisogelea bangili nikasema kwa sauti: huyu si damu yangu. Wasikie huko kwao, asiteremshwe. Imeniuma.

Jumamosi, 7 Septemba
Bangili imewaka, wanamwita. Nikamsindikiza hadi vichanjani. Nikainama nimwamkie mimi, apone. Akaniwahi. Akapiga magoti, bangili kaisogeza karibu na mdomo, isikie.
“Shikamoo, bibi.”
Ningenyamaza, angepona? Sijui. Shikamoo ya mtoto haiachwi hewani.
“Marahaba, mjukuu wangu.”
Kisha hayupo. Safari hii kaacha alama za magoti.

Jumapili, 8 Septemba
Dagaa wachache. Zuhura kaja kutoka Mwanga, miguu imemvimba. Nimemkanda.
Tajiri naye kaja. Nimemwambia kiwanja hakiuzwi, wala wanangu hawatakiuza. Kuna mtu atateremka. Apate pa kufikia.