Hatua Tano Kutoka Mlangoni Kwako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Wifi Somoe, msomee mama polepole, na ukifika kwenye hesabu usiruke hata akikuambia pumzika.

Goti linaendeleaje, mama? Korosho zimeanza kudondoka? Mimi mzima, ila huku Sumbawanga baridi inanifanya niingie darasani na kanga mbili juu ya gauni, na wanafunzi wangu wa darasa la nne wananicheka. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni hofu. Tangu juzi chakula hakipiti.

Nikueleze. Juzi nilichora mstari wa namba ubaoni, nikauliza kutoka sita hadi kumi na moja kuna urefu gani. Darasa zima likaitikia, "Kumi na moja!" Nikacheka. Nikawaambia hiyo ni namba mliyofikia, urefu ni nafasi mlizopita, na ukianzia sita ni tano tu. Wakati wa mapumziko nikafungua barua yenu. Somoe ameandika maneno yako vilevile ulivyoyasema: "Mwambie mwalimu mto uko kigingi cha kumi na moja. Hatua zote hizo, ananikimbizia nini? Hata kiboko hajafika huku." Nikacheka tena. Halafu nikasoma mara ya pili, nikaanza kuhesabu.

Unavikumbuka vile vigingi. Marehemu baba alivipigilia mwaka mto ulipobeba shamba letu la mpunga, kila hatua kigingi, kutoka mlango wa nyumba kubwa hadi ukingoni, hatua arobaini. Namba niliziandika mimi, kwa rangi iliyobaki ya mlango. Sifuri nikaiweka mlangoni kwa sababu mlikuwa mnalala pale. Sasa baba hayupo, na wewe umekataa kulala mle, umehamia kibanda cha kukaushia samaki. Mama, kibanda kile kiko kwenye kigingi cha sita! Kigingi hicho ndicho unachofungia kamba ya kuanikia kanga. Kutoka kwako hadi kwenye maji hakuna hatua kumi na moja. Ziko tano.

Sikiliza tena. Mvua za kwanza mto ulitoka arobaini ukaja thelathini na nne, ukala hatua sita. Za pili ukafika ishirini na tano, ukala tisa. Hizi zilizopita ukafika kumi na moja, yaani umekula kumi na nne kwa mara moja. Kipande kifupi kuliko vyote ni cha hatua sita, na wewe umebakiwa na tano. Hata ukirudi nyumba kubwa, kumi na moja hazitoshi kwa mto uliokwisha kula kumi na nne.

Najua utasema utahama korosho zikiisha. Zikiisha, mvua itakuwa imeshaanza. Ubishi wako naujua, ulinibishia chumvi ya pilau siku ya harusi yangu mwenyewe. Lakini hili nakuomba nimepiga magoti. Nikifikiria ule ukingo unavyomeguka, nakosea hesabu ubaoni mbele ya watoto wa watu. Naogopa sana, mama. Namba niliandika mimi, na sikuwaza kuwa iko siku utahama.

Simu ya kaka Issa haipatikani, nadhani imeshika tena mtandao wa nchi jirani, ng'ambo ya mto. Barua nampa mwalimu mwenzangu anayekuja Mtwara, ataiacha kwa shangazi Ufukoni, naye atatafuta mtu wa kuileta Kitaya. Sijui itakaa njiani siku ngapi, na hilo nalo linanitisha.

Nisalimie mjomba aliyenifundisha kupalilia, na jirani yetu anayekukanda goti. Shangazi nimemwandikia kivyake.

Somoe, ukimaliza kusoma mwite mumeo. Kitanda cha mama kihame leo hiihii, kiende kwenye kibanda cha mikoroshoni kule juu. Mama akikataa kunyanyuka, kibebeni naye akiwa juu yake. Kisha Issa aking'oe kigingi cha sifuri mlangoni kwa baba, akipigilie kando ya mguu wa kitanda hicho, na aanze kuhesabu upya kuelekea mtoni. Vigingi mlivyobakiwa navyo vikiisha kabla hamjayaona maji, niandikieni. Siku hiyo nitakula.

Mwanao,
Zuhura