Sauti Yako kwenye Hadithi ya Nne

Dada Zaituni,

Nimemkomoa yule bwana. Nakwambia hilo kabla ya salamu, maana najua ungenikatiza tu: "Acha salamu, nipe habari." Habari ndiyo hiyo, na bado sijamaliza naye.

Nianze na kosa langu. Siku ya tatu ya msiba, watu bado wamekaa mkekani pale sebuleni kwetu Penrith, huku ughaibuni, mwongozaji wa filamu yako akaja. Alivua viatu mlangoni, akala pilau kwa mkono kama sisi, akakulilia mpaka nikamwonea huruma. Kisha akatoa karatasi. Akasema bila saini ya ndugu, filamu itabaki kabatini. Dada, nani anasoma karatasi msibani? Mgeni amekuja kuhani, umwambie ngoja nitafute miwani? Nikasaini. Kumbe nimemruhusu kuifanya kazi yako atakavyo.

Naye akafanya. Unakumbuka ulivyohangaika na kile Kimalayalam? Ulikiokota kwa wauguzi wenzako, Wahindi wa Kerala, kwenye nyumba ya wazee, kwanza matusi, halafu majina ya vyakula, mwisho ukawa unawachekesha wenyewe kwa lugha yao. Ndipo mmoja wao akakupeleka kwa binamu yake, huyu bwana, aliyekuwa anatafuta mwanamke mmoja wa kuigiza hadithi zote nne za filamu yake. Mjane, bibi harusi, mzimu, mfagizi wa hospitali, na kila hadithi inapigwa picha mfululizo bila kukatwa. Watu walimwambia ana wazimu, mwanamke wa Tanga abebe filamu ya Kimalayalam. Ukaibeba. Maneno uliyaandika kwa herufi zetu nyuma ya ratiba za zamu, na kwenye treni ya kwenda studio Parramatta mimi nakushikia karatasi nisiyoielewa, ukikosea tu nakurudisha mwanzo. Siku uliyomaliza kuingiza sauti hadithi tatu za Kimalayalam ulitoka koo limekauka, ukasema, "Sasa hata nikifa, nimeshasema." Nilikukemea siku ile.

Miezi minne baada ya kukuzika akanipigia. Ameitoa sauti yako yote, ameweka ya binti mmoja wa huko kwao. Eti lafudhi yako ingewatoa watazamaji kwenye hadithi. Alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu aliyebadilisha pazia. Alichotaka kwangu ni tafsiri. Kwenye hadithi ya nne, ambayo mfagizi hasemi neno ila pale anapolia peke yake kwenye mvua, alikuwa amekwambia useme chochote kwa lugha yako, mradi kiwe na uchungu. Yule binti hajui Kiswahili, kwa hiyo pale sauti ilibaki yako. Alihitaji Kiingereza cha kuandika chini ya picha.

Alinitumia kipande hicho, nikakitazama wakati wa mapumziko, kazini ghalani Wetherill Park, nimekaa juu ya maboksi. Jamani dada wewe. Unalia machozi ya kweli, kamasi zinatoka, na unasema: "Wewe bwana, tangu alfajiri umenisimamisha kwenye maji, umeshiba wali wako, mimi hata kikombe cha chai hukunipa. Jana umeniita mtu wa bahati, kana kwamba sikufanya kazi. Haya, nalia. Tazama vizuri, maana wewe hujawahi kumwona mtu." Halafu unashusha sauti: "Sabra mwanangu, namaliza hapa, nakuja kukupikia."

Nililia, nikacheka, nikalia tena, mpaka msimamizi akaniruhusu niende nyumbani. Nikafikiri. Nikimwandikia ukweli ataifuta sauti ile, nawe hutabaki na neno hata moja kwenye filamu nzima. Basi nikamtungia maombolezo ya mama anayemwita Mungu. Mazuri, hata mimi mwenyewe yalinigusa. Akanishukuru sana.

Halafu nikaanza kualika. Watanzania, Wakenya, Warundi wa kanisani kwa jirani, wauguzi wako wote wa Kerala. Siku ya onyesho walijaza ukumbi Parramatta. Hadithi ya kwanza ilipoanza wauguzi wakatazamana. Sabra akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kiingereza chake ni nani huyo anayeongea mdomoni mwa mama. Nikampakata. Hadithi tatu nzima nilikaa nimekunja ngumi. Ya nne ikaja, ukafungua mdomo, na nusu ya ukumbi ikaangua kicheko huku maandishi yanamlilia Mungu. Ulipofika kwa Sabra wote wakanyamaza. Mtoto huyu, asiyejibu Kiswahili hata umbembeleze, akasema, "Sawa, mama."

Yule bwana alinisubiri mlangoni, anataka kujua walichekea nini. Nikamtafsiria sentensi moja moja mbele ya wauguzi, naye ameshika shada lake la maua. Nilifurahi, Dada. Sitakudanganya kwamba roho iliniuma.

Sasa amebanwa. Kuikata hadithi hiyo hawezi, maana waliosifu filamu wamesifu hiyo tu, na tamasha moja la filamu limemwita kwa ajili yake. Kuipeleka ilivyo anaogopa, kila penye Mswahili atasemwa upya. Akaja na ombi: mimi, kwa kuwa sauti zetu zinafanana, nimrekodie yale maombolezo ya kutunga ayaweke juu ya maneno yako. Nikamwambia arudishe kwanza sauti yako kwenye zile hadithi tatu na aitume hivyo kwa watu wa tamasha, ndipo tuzungumze. Amerudisha, na ameshaituma, akidhani maombolezo yangu atayapeleka baadaye. Jana nimeitazama na Sabra mwanzo mpaka mwisho. Ni wewe kabisa, hata kikohozi chako kimo.

Sabra ninaye, usiwe na wasiwasi. Anakula, anakua, na Kiswahili nitamfundisha, matusi yako pia. Pumzika, Dada yangu, mengine niachie.

Kesho saa nne asubuhi yule bwana ananingoja studio. Nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti kile ulichokalia, nitavaa vile visikizio, nitamwacha ahesabu moja, mbili, tatu. Kisha nitamwambia hapana.

Mdogo wako,
Rehema