Raya Hakuonja

Jadida, Jumatano, baada ya Isha

Hakuonja! Mkwe wangu Raya ndiye anayenichemshia majani ya mstafeli kwa huu uvimbe wa titi, na kwetu anayeleta dawa huonja kwanza, mgonjwa atue moyo. Siku zote huonja. Leo kanipa kikombe kainamisha uso.

"Onja, mwanangu."

"Leo nisamehe, mama."

Nikakimwaga uani, mbele yake. Mtu anayeogopa dawa yake mwenyewe ana lake jambo.

Nikampigia mwanangu Haji, mumewe, yuko kazini duka la dawa mjini Chake. Nikamuuliza majani haya yana nini.

"Dawa za hospitali usiache, mama. Hayo bado wanayachunguza. Wanadhani yanazuia mishipa mipya ya damu isiote, uvimbe ukose chakula."

"Na asiye na uvimbe, yatamdhuru?"

"Labda mwenye mimba. Mtoto naye anahitaji mishipa mipya." Akakohoa, akakata simu.

Nami tangu ndoa yao naomba mjukuu.

Magharibi Raya kaleta kikombe kingine. Nimekunywa chote, wala sikumwambia aonje. Mimba changa haitangazwi. Miye ndiye niliyemfunza.