Msomaji wa Habari Aliyepiga Hodi Kwanza

“Jirani, mumeo yu hai kweli?” Ndivyo alivyouliza mshona nguo wa nyumba ya pili, sauti yako ilipotoweka redioni. Kabla mkeo hajafungua kinywa, ukaitika mwenyewe kutoka chumbani: “Nipo, mama. Nimezimwa tu, sijaharibika.” Mshona nguo alicheka mpaka akakaa kizingitini.

Ni mwaka mzima sasa tangu nyumba hii ikose wa kuitika. Kifua kilikuchukua alfajiri, mkeo akiwa bado kwenye sala. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini nyumba imekuwa kubwa mno, Baba.

Tunalikumbuka shati lako jeupe. Ulilipiga pasi kila ulipokuwa na matangazo ya vifo. Mkeo alipokutania kwamba redioni hakuna anayekuona, ulimjibu kwamba wafiwa hawasomewi na mtu aliyevaa fulana ya kulalia. Ukirudi nyumbani ulikuwa mkimya, hata majirani wakasema redio ya mwenzetu huzimwa mlangoni. Habari ulizijaribu kwanza jikoni, mkeo akimenya vitunguu. Akisema hapo umempoteza, ulikata maneno na kuanza upya.

Na ulikuwa na sharti lako. Hukusoma jina la marehemu hewani mpaka watu wa kwao wawe wameambiwa na binadamu mwenzao, uso kwa uso. Pasipokuwa na wa kwenda, ulikwenda wewe na baiskeli yako. Ulisema mama hapaswi kupokea kifo cha mwanawe akiwa ameshika mwiko, tena kutoka kwenye kisanduku kisichoweza kumshika bega.

Siku kiwanda cha magodoro kilipoungua, ulizunguka mchana kutwa. Ulipiga hodi kwenye nyumba sita za vijana waliofia humo, na kila nyumba ulikaa mpaka kilio kikapoa kidogo. Ulipofika studio ukakuta habari imeshaandikwa: moto umezimwa, hakuna aliyekufa. Ulimwambia mkuu wako kwamba umetoka kuwashika mikono wazazi wao. Ukamuuliza, utawaambiaje tena kwamba watoto wao hawakufa? Akakujibu usome kilichoandikwa. Ukaketi mbele ya kipaza sauti, ukasoma majina yote sita, polepole, kisha ukawatakia wasikilizaji usiku mwema.

Wakakutoa hewani. Wakakupeleka stoo ya kanda za zamani, kwenye vumbi na ukuta unaotoa ukungu, na humo ndimo kikohozi kilipoanza. Hukulalamika. Ulirudi jioni ukiomba maji ya moto, huku mtaani wasiojua wakisema umeshushwa kwa sababu ya uongo. Hilo lilikuuma kuliko kifua. Ulipolala kitandani usiinuke tena, ulimwambia mkeo: “Wakiniita mwongo, usigombane nao. Ila wewe usiliseme neno hilo.”

Wiki iliyopita mkuu wako alikuja. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti chako, akatupa pole. Alisema kituo kinataka kukuenzi: sauti yako isikike siku nzima, na kanda zako zote tuletewe nyumbani. Hapa hatuna hata moja. Mjukuu wako hajawahi kukusikia. Alitaka jambo dogo tu, mkeo aseme mbele ya kinasa sauti kwamba siku ya moto ule ulikuwa na homa kali, hukujua unachosoma.

Mkeo alikisukuma kile kinasa sauti kirudi upande wa mkuu. Kitinda mimba wako akaanza kulia, maana alishalijua jibu.

“Shemeji,” akasema mkeo, “siku ile mume wangu alikuwa mzima kama ulivyo wewe sasa. Kanda kaeni nazo. Mungu alimsikia mara ya kwanza.”

Maisha yetu yote hutatutoka moyoni. Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, mjukuu wako, anayeuliza ulikuwa unaongeaje, dada yako, wazazi wa wale sita, ambao sasa tunawahesabu ndugu, na mdogo wako, aliyempisha mkuu mlangoni siku ile, mkuu akatoka na viatu vyake mkononi.