Babu Alisema Ulinzi, Wageni Wakaandika Miliki

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana jambo hili limenielemea, mimi ni mfasiri katika wizara ya mambo ya nje, na nchi yetu inakwenda mahakama ya kimataifa kudai kisiwa ambacho wageni waliotutawala walikigawa kwa jirani zetu, basi nikatumwa kwenye chumba cha nyaraka kutafuta mkataba wa kwanza, ule ambao mfalme wetu aliutilia dole gumba.

Nimeupata. Ilikuwa alasiri, jua linapenya dirishani, vumbi linaelea kama lina usingizi, nikasoma kurasa mbili sambamba, ule wa lugha ya wageni unasema mfalme anawapa nchi yote iwe miliki yao milele, wa lugha yetu unasema anaomba ulinzi, ulinzi tu, na chini yake saini ya mkalimani, babu yake baba yangu! Tangu hapo, hata nikiwa naosha vyombo, namwona mfalme, kidole kimelowa wino, anamgeukia babu na kumuuliza, "Umenisomea yote?" na babu anamwonyesha pa kuweka dole.

Mshauri, picha ya babu imetundikwa sebuleni kwetu, na baba, mwalimu mstaafu wa historia, humwambia kila mgeni, "Huyu ndiye aliyetusemea." Nikaunukuu ukurasa wa wageni daftarini, wetu nikautia kwenye mkoba, sasa uko kabatini chini ya mashuka. Jana bosi kaniuliza, "Vipi, umepata?" Nikamjibu, "Bado, mzee." Kesi ni baada ya wiki tatu. Nifanye nini?

Mfasiri

Dada mfasiri,

Pole. Sasa futa machozi unisikilize.

Umeiba. Nalisema wazi kwa sababu wewe unalizungukazunguka. Ukurasa ule ni wa nchi nzima, na huenda ndio utakaoonyesha kwamba mfalme hakutoa ardhi, hivyo wageni waligawa kisicho chao. Enzi zile nchi iliondoka kwa kidole kimoja, na mfalme hakuwa na pa kukata rufaa. Leo nchi ndogo inasimama mbele ya majaji na kusikilizwa, haki iliyopiganiwa na watu wengi. Wewe umeilaza chini ya mashuka!

Kuhusu babu, hujui kama alidanganya au alidanganywa. Usimhukumu, na usimsafishe pia.

Leo hii tafuta wakili. Kesho asubuhi nenda naye kwa bosi, mkabidhi ukurasa, sema ulichofanya bila kupamba. Utaadhibiwa, pengine kazi itapotea. Kubali.

Lakini kabla ya kulala leo, keti na baba yako, asije akayasikia redioni. Huenda unamwona mzee dhaifu. Mimi namwona mwalimu aliyefundisha historia maisha yake yote. Msomee kurasa zote mbili polepole, na usimrukie hata neno moja.